Shafti ya kaboni kwa wudi na haibridi: anza na mizani, herufi baadaye

Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma mpaka mivinje inalia, mzee mmoja alinijia na draiva yake mkononi, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali kabisa, akitaka kubadilisha shafti, yaani mpini wake mrefu. "Fundi, nitafutie shafti ngumu kabisa. Upepo unanirudishia mpira." Nikamuuliza, "Mzee wangu, hii uliyo nayo ina gramu ngapi?" Akanitazama kama nimemuuliza uzito wa kivuli chake.

Swali hilo ndilo ninaloanza nalo kila mara, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Natengeneza fimbo za gofu hapa Malindi, kwenye kona ya karakana ya boti za faiba, nikiwa na jiliwa moja, mizani ya jikoni na bunduki ya joto. Wateja wangu ni makedi (wabeba mifuko ya wachezaji), walimu, watu wa mahoteli, na wazee waliostaafu wakapata muda wa kucheza. Wengi wana fimbo zilizoachwa na wageni, hasa Wataliano, kwa hiyo shafti walizo nazo zilichaguliwa kwa ajili ya mikono ya mtu mwingine. Siku mtu akipata hela ya kununua shafti nzuri, huwa anajua jina la kampuni na rangi. Basi.

Shafti za nyuzi za kaboni si jambo la jana. Mhandisi Frank Thomas aliibuni ya kwanza mwaka 1969 akiwa na kampuni ya Marekani iitwayo Shakespeare, na hiyo ilikuwa kampuni ya fito za kuvulia samaki. Kwa mtu wa Malindi hilo linaeleweka upesi kuliko maelezo yoyote. Aliyewahi kushika ufito wa kuvulia mkizi na ule wa kuvulia nduaro anajua tayari kwamba fito mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi.

1. Pima uliyo nayo kabla ya kutamani nyingine

Weka draiva nzima kwenye mizani ya jikoni, ile ya kidijitali. Kichwa cha draiva huwa karibu gramu 200, mshiko wa kawaida gramu 50. Toa hizo, kinachobaki ni shafti, pamoja na gramu chache za gundi na kipete, ile pete ndogo pale shafti inapoingia kichwani. Draiva ikisoma 315, shafti yako iko kwenye 60 na kitu. Kwa wudi namba 3, fimbo ya kichwa kinene iliyo fupi kuliko draiva, kichwa hupanda hadi 210 na zaidi kidogo, na haibridi, iliyo kati ya wudi na ayani (fimbo za kichwa bapa cha chuma), hufika 230 au 240, maana fimbo ikifupika kichwa hulazimika kuwa kizito.

Soma pia maandishi ya kwenye shafti. Kampuni nyingi huandika tarakimu moja na herufi, kwa mfano 5R au 6S. Tarakimu ni kundi la uzito: 5 ni gramu hamsini na kitu, 6 ni sitini na kitu. Herufi ni ugumu: L ndiyo laini kuliko zote, kisha A, R, SR, S, na X ndiyo ngumu kabisa. Uzito huo ni wa shafti nzima kabla ya kukatwa, kwa hiyo usishangae ikipungua kidogo ukishaikata. Na ndani ya kundi moja, ile ngumu huwa nzito kidogo kuliko ile laini.

Andika namba hizo kwa kalamu kwenye karatasi. Usizibebe kichwani.

2. Jijue unavyopiga

Ukibahatika kwenda mjini penye mashine ya rada ya kupima upigaji, pimwa, lipia, omba karatasi yako. Kama huna nafasi hiyo, fanya hivi: asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, piga mipira kumi kwa draiva. Mtu asimame mbele aweke alama pale mpira unapotua, si pale unaposimama. Kiangazi hapa ardhi inakuwa kama sakafu, mpira unabingirika yadi 40 bila jasho lako, halafu mtu anajisifu. Ondoa miwili mirefu kabisa na miwili mibovu kabisa, chukua wastani wa ile sita. Simu yenye ramani itakupimia yadi.

Kwa makadirio ya fundi, anayetua chini ya yadi 170 aanzie shafti za gramu 40 hadi 50 zenye herufi A, au L kwa akina mama wengi. Yadi 170 hadi 200, R ya gramu 50 hadi 60. Anayevuka 200 yuko njia panda kati ya R na S. Ukitua 235 na zaidi mara kwa mara, S ya gramu 60 au 70 ni yako. Wa X ni wachache sana, na wanajijua.

Lakini yadi hazimalizi habari. Angalia unavyoshuka kutoka juu. Kuna anayepandisha fimbo, anatulia kidogo pale juu, kisha anashuka taratibu mpaka mwisho anafyatua. Na kuna anayeirusha fimbo ghafla kama anafukuza kima shambani. Hawa wawili wanaweza kutua yadi 205 sawasawa, lakini yule wa pili anaikunja shafti zaidi na anahitaji iliyo nzito au ngumu kidogo ili kichwa kisimkimbie. Mwombe rafiki akurekodi kwa simu, utazame mwenyewe. Utaona haya, lakini tazama.

3. Chagua uzito

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko pengine popote. Uzito unausikia kila unapoinua fimbo, hata ukiwa umechoka kwenye shimo la mwisho. Ugumu unausikia kwa nusu sekunde.

Shafti nyepesi mno kwako utaijua hivi: mipira inatawanyika, huu kushoto, huu kulia, na unahisi kama mikono imefika kabla ya mwili. Nzito mno: mpira unatoka chini, unapotea kulia kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na mashimo ya mwisho yanakuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Nilimfanyia jaribio kedi mmoja kijana, mwenye nguvu za kubeba mifuko miwili. Alikuwa na shafti ya gramu 45 aliyorithi kwa mgeni. Nikamwazima draiva yenye shafti ya gramu 65, herufi ileile R. Hakuongeza yadi hata moja. Ila mipira saba kati ya kumi ilitua mahali ambapo ungeweza kuifunika kwa tanga moja la ngalawa. "Kaka, hii inanisubiri," akasema. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo ya uzito unaofaa.

Kisha tazama fimbo zote kama ukoo mmoja. Kadiri fimbo inavyofupika, shafti yake iongezeke uzito. Mfano mzuri kwa mchezaji wa kawaida: draiva gramu 55, wudi 65, haibridi 80. Ninachokiona kwenye mifuko mingi ni kinyume chake: draiva 65 aliyonunua kwa fahari, wudi 50 iliyokuja na seti, haibridi ya chuma iliyoshika kutu. Kila fimbo inataka mwendo wake, na mtu anailaumu swingi yake, yaani anavyozungusha fimbo.

4. Sasa njoo kwenye herufi, lakini usiziamini

L, A, R, SR, S, X. Hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote. R ya kampuni hii inaweza kuwa ngumu kuliko S ya kampuni ile, na hata ndani ya kampuni moja aina mbili zenye S zisifanane. Herufi ni kama saizi za viatu vya mtumba: zinakuelekeza kwenye rundo la karibu, halafu lazima uvae.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua X. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeona jina lile kwenye televisheni, na muuzaji wa mtandaoni akaniambia imebaki moja. Miezi sita mpira wangu ulikwenda chini na kulia, chini na kulia, kama umefungwa kamba. Nikabadilisha mshiko, nikabadilisha miguu, nikaanza hata kusogea karibu na mpira mpaka nikapiga ardhi. Siku niliyoweka R ya gramu 60 ya mtumba, mpira wa kwanza ulipanda nikaupoteza kwenye jua. Ile X ningali nayo. Naitumia kuchokorea maembe.

Ukiwa kati ya herufi mbili, chukua ile laini. Shafti laini kidogo hukufundisha kutulia. Ngumu mno hukufundisha kukaza misuli, na kuiacha tabia hiyo ni kazi.

5. Msokoto na mahali inapokunjikia

Haya nayapita haraka kwa sababu watu huyapa heshima kuliko yanavyostahili.

Msokoto ni kiasi shafti inavyojizungusha ikishikwa shina (upande wa mshiko) na kupinduliwa ncha (upande wa kichwa), hupimwa kwa digrii. Nyingi ziko kati ya 3 na 6. Nyepesi huwa na digrii nyingi, nzito chache. Anayepiga kwa kasi ataipenda ya 3 au 4, mpole akae kwenye 5. Kuwinda namba ndogo kwa sababu tu ni ndogo kutakupa kitu kinacholia mkononi kama gogo.

Mahali inapokunjikia: wanasema ikikunjikia chini karibu na kichwa mpira unapanda, ikikunjikia juu mpira unakwenda chini. Ni kweli, ila tofauti ni ndogo. Ukitaka mpira upite chini ya kusi, punguza mlalo wa uso wa kichwa kwa digrii moja, shusha tii (kile kijiti cha kuwekea mpira), piga kwa nguvu ya robo tatu. Huyo mzee wa Julai ndivyo nilivyomwambia. Alichokuwa nacho kilikuwa gramu 52 herufi R, kilimfaa kabisa. Tatizo lilikuwa kichwa cha digrii 12 alichokiweka kwenye tii ndefu kama kalamu.

6. Unalipia nini unapolipia ghali

Shafti mpya ya daraja la juu haishuki sana chini ya dola 200 za Marekani, na nyingine hupita 350 kabla ya usafiri na ushuru. Ni haki ujue hela inakwenda wapi.

Shafti hutengenezwa kwa karatasi za nyuzi za kaboni zilizokwisha kulowekwa resini. Karatasi hukatwa kwa vipande, huviringishwa juu ya chuma chembamba, hufungwa utepe wa kubana, huokwa kwenye tanuri, kisha chuma huchomolewa, ikasuguliwa na kupakwa rangi. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu ndizo zinazoipa ugumu wa kukunjika. Zilizolazwa mshazari ndizo zinazozuia msokoto. Yaani mpangilio ni kama wa mkeka: ukili ni uleule, msukaji ndiye anayeamua.

Utasikia wakitaja tani: kaboni ya tani 24, 40, hata 80. Hicho ni kipimo cha ukaidi wa uzi kuvutika. Uzi wa tani nyingi ni mkaidi kwa uzito mdogo, lakini pia ni mwepesi wa kuvunjika, ndiyo maana hakuna shafti nzima ya tani 80. Huweka vipande vyake pale panapohitajika tu, vingine ni vya kawaida. Kwa hiyo "tani 80" kwenye tangazo haikuambii mengi.

Kinacholipiwa hasa ni usawa. Kiungo cha karatasi kikikaa vibaya, upande mmoja wa shafti unakuwa mgumu kuliko mwingine, na kanuni za gofu zinataka shafti ikunjike sawa upande wowote utakaoigeuza. Kuna jaribio ambalo napenda wateja waliangalie wenyewe. Nabana shina kwenye jiliwa kwa vipande vya mpira wa tairi ili lisivunjwe, nafunga kichwa au chubwi la gramu 200 kwenye ncha, navuta ncha chini kidogo na kuachia. Shafti nzuri hucheza juu chini, juu chini, ncha ikichora mstari mmoja mwembamba. Mbaya huanza na mstari, halafu mstari unafunguka ukawa yai, yai likawa duara. Geuza shafti robo duara, rudia. Ikichora mstari kila upande, imeviringishwa na mtu aliyejua kazi. Nimeziona za bei ya chini zilizofaulu na moja ya bei mbaya iliyoshindwa, kwa hiyo usiache kuijaribu kwa sababu ya bei.

Jihadhari na jambo moja: fimbo mpya za dukani mara nyingi huja na shafti yenye jina na rangi ya ile ya ghali, lakini ndani imetengenezwa kwa njia rahisi zaidi kwa ajili ya kampuni ya vichwa. Si bandia, wala si mbaya. Ila si ile.

7. Haibridi ina akili zake

Watu hununua shafti ya haibridi kama mdogo wake draiva. Mimi naichukulia kama mkubwa wa ayani. Unaitumia kwenye majani marefu, kwenye mchanga mgumu, ukiwa na mpira chini bila tii, na unataka itue mahali ulipopataja. Kwa hiyo tazama ayani zako kwanza. Kama ni za chuma za gramu 110 au 120, haibridi ikae kati ya 80 na 95. Kama ayani ni za kaboni za gramu 60 na kitu, haibridi ya 65 hadi 75 inatosha. Kwa herufi, fuata ayani pia.

Haibridi yenye shafti nyepesi na laini ndiyo inayozaa ule mpira unaokata kushoto na kuzama vichakani. Kila mtu hapa anaujua.

8. Ncha na urefu: pima kwa venia

Draiva na wudi nyingi hupokea ncha ya inchi 0.335, yaani milimita 8.5. Haibridi nyingi ni 0.370, milimita 9.4. Fimbo za zamani kidogo zina 0.350, na hizo ndizo nyingi kwenye mifuko ya kurithi, kwa hiyo pima tundu kwa venia, ile koleo ya kupimia unene na upana wa tundu, kabla ya kuagiza. Kama kichwa kina adapta ya skrubu, ujue adapta ya kampuni moja haiingii kwenye kichwa cha kampuni nyingine.

Kuhusu urefu, kanuni zinaruhusu fimbo hadi inchi 48, na tangu 2022 mashindano makubwa yanaweza kuweka kikomo cha 46. Wewe na mimi hatuna haja ya hata 46. Draiva ya 45 au 44.5 inagonga katikati ya uso mara nyingi zaidi, na katikati ndiko yadi zinakoishi. Wudi 3 iwe karibu 43, haibridi 40 ukiongeza au kupunguza. Ukipunguza nusu inchi, kichwa kitahisi chepesi; bandika utepe wa risasi wa gramu 5 au 6 chini yake.

Kukata ncha huongeza ugumu, kukata shina hasa hupunguza urefu tu. Shafti ileile ukiitoa kwenye draiva kwenda wudi 3, kampuni nyingi husema ikatwe ncha nusu inchi hadi moja. Fuata karatasi ya kampuni. Ukikata ncha kupita kiasi utafika pale inapoanza kunenepa, haitaingia tunduni, na hakuna gundi inayorudisha.

Ukinunua ya mtumba

Chukua pamba, izungushie shafti, ipitishe polepole kutoka mshikoni mpaka kwenye kipete. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, simama. Tazama hasa inchi mbili za juu ya kichwa na pale shafti inaposuguana na mdomo wa mfuko. Kisha shika shina na kichwa, sokota kidogo karibu na sikio. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga, rudisha. Chuma hupinda kwanza ukaona; kaboni hukatika bila taarifa. Faida ya kaboni kwetu watu wa baharini ni kwamba haishiki kutu kwa chumvi.

Kufunga

Ukiamua kufunga mwenyewe, shafti ya zamani itoe kwa bunduki ya joto, kidogo kidogo, na uivute moja kwa moja. Usiizungushe. Nilizungusha moja ya mteja, nyuzi zikafunguka kama kamba ya katani, nikailipa. Kata kwa msumeno wa meno madogo baada ya kuzungusha utepe wa karatasi pale unapokata. Kikata bomba huiponda. Vaa barakoa, lowesha kwa maji, vumbi la kaboni si la kuvuta.

Sugua rangi yote ya ncha inayoingia tunduni mpaka mng'aro uishe, bila kula nyuzi. Gundi iwe epoksi ya sehemu mbili inayouzwa kwa kazi ya fimbo. Resini ya boti tunayotumia hapa karakanani haifai, na hilo nawaambia hata mafundi wenzangu wanaocheka. Changanya sawasawa, paka ncha na ndani ya tundu, ingiza ukizungusha kidogo, futa inayotoka. Simamisha fimbo ukutani kivulini, uiache saa 24. Usiiweke kwenye buti la gari lililoanikwa juani, leo wala siku nyingine.

Kesho yake piga mipira kumi ileile, asubuhi ileile kabla ya upepo, na uandike namba chini ya zile za kwanza.